Basi Kuukuu Liwe Nyumba ya Safari: Mwongozo Kamili kwa Familia za Malindi na Lamu

Basi lililomaliza kazi ya kubeba abiria linaweza kuihudumia familia kwa miaka mingi kama nyumba ya kusafiria, lakini hapa Pwani umri wake huamuliwa na mambo mawili: chumvi inayokula chuma, na joto linaloligeuza sanduku la bati kuwa mahali pasipokalika saa sita mchana. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio ambao huenda ukamchosha mtu mwenye haraka ya kuona vitanda na mapazia. Chuma kinatangulia, hewa na kivuli vinafuata, na samani huja baada ya hayo.

Kulichagua basi

Kwa familia ya watu wanne hadi sita, basi la viti 29 hadi 33 linatosha. Toyota Coaster, Nissan Civilian na Mitsubishi Rosa hutoka kiwandani zikiwa na bodi yake kamili, sakafu yake iko chini na mwendo wake ni laini. Isuzu NQR huanza kama lori, kisha bodi ya abiria hujengwa papa hapa Kenya kwa mabomba ya chuma ya pembe nne yaliyochomelewa na kufunikwa bati. Gari hili huruka zaidi barabarani, lakini bodi yake inaeleweka na fundi yeyote wa kuchomelea, na likinuiwa kupita barabara ya vumbi ya Marafa au njia ya kwenda lango la Sala la Tsavo Mashariki, mimi ningelichagua hili bila kusita. Katika bodi ya kiwandani, kuta na paa husaidia kubeba uzito, kwa hiyo ubavu wa paa, yaani tao la chuma linaloshikilia bati, usikatwe kwa ajili ya feni au dirisha pasipo kuwekwa fremu ya kuimarisha tundu hilo.

Ukaguzi wa kwanza ufanywe ukiwa umelala chini ya gari, na tochi na nyundo ndogo mkononi. Chuma kizima hulia kikigongwa. Kilichooza hutoa sauti nzito, na wakati mwingine nyundo huzama. Gonga ngazi za mlango, matao ya magurudumu, kisanduku cha betri, sehemu ambapo sakafu hukutana na ukuta, na chuma kilicho chini ya mipira ya madirisha. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chesisi (fremu ya chini ya gari) nzima siku chache kabla ya kuuzwa ni sababu ya kugonga kwa bidii zaidi. Basi lililofanya kazi miaka mingi katika barabara ya Gongoni na Marereni, ambako malori ya chumvi hupita kutwa, lichunguzwe mara mbili.

Injini iwashwe ikiwa imepoa kabisa. Moshi wa buluu huonyesha kwamba oili inaungua ndani. Moshi mweusi hutokana na mafuta mengi au kichungi cha hewa kilichoziba. Moshi mweupe usioisha baada ya injini kupata moto hudokeza matatizo ya nozeli (vinyunyizi vya mafuta) au maji yanayoingia mahali mafuta yanapoungua. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani yake. Hata hivyo, kati ya basi lenye injini iliyochoka na chuma kizima, na lile lenye injini nzuri na chesisi iliyoliwa, chukua la kwanza. Bei ya kuifungua injini waweza kuulizia mapema, ilhali kutu haina bei inayojulikana mpaka uifikie mwisho wake.

Karatasi kabla ya grainda

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizomo katika kitabu cha gari, na uhakikishe kupitia huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zilizo katika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwamba muuzaji ndiye mwenye gari na kwamba halina deni la benki au la sacco. Matatu nyingi hununuliwa kwa mkopo, na jina la mkopeshaji hubaki katika kumbukumbu hadi litakapoondolewa rasmi.

Gari lililosajiliwa kubeba abiria kwa malipo likigeuzwa kuwa la binafsi, na aina ya bodi, rangi na idadi ya viti vikibadilika, mabadiliko hayo yote yanapaswa kuombwa, gari likaguliwe, na kitabu kirekebishwe. Nenda ukaulizie utaratibu huo ukiwa na mchoro wa kile unachokusudia, kwa kuwa ni rahisi kusogeza kiti katika karatasi kuliko kukisogeza baada ya kuchomelewa. Ule mstari wa manjano uliowekwa kwa matatu na kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 uondolewe. Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi kwamba gari sasa lina jiko la gesi, betri na vitanda, maana bima iliyokatwa kwa maelezo ya zamani inaweza kukataliwa siku utakapoihitaji. Dereva naye awe na leseni ya daraja linalolingana na gari hilo.

Hesabu ya uzito

Watu thelathini na watatu wenye wastani wa kilo 70 wana uzito wa kilo 2,310. Hiyo ndiyo akiba yako ya takribani, pamoja na uzito wa viti utakavyoviondoa, na ndani yake lazima waingie watu wa nyumbani, maji, mbao, betri, gesi, nguo na chakula. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 200 peke yake ni sawa na watu wazima watatu. Lipeleke basi likiwa tupu kwenye mizani ya malori, uandike uzito wa ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, kisha ulirudishe baada ya kukamilika na ulinganishe na uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji.

Vitu vizito viwekwe chini, na kadiri iwezekanavyo kati ya ekseli mbili. Tangi la maji likiwekwa nyuma kabisa ya magurudumu ya nyuma, sehemu ya mbele hupungua uzito na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Betri na jokofu vyote vikiwa upande mmoja, springi za upande huo hulala. Mpangilio huu uamuliwe kabla ya vitanda, kwa kuwa vitanda ni vyepesi na vinaweza kwenda popote.

Kulivua basi na kuitibu kutu

Ondoa viti, sakafu, dari na paneli zote za ndani hadi ubaki na bati na mbavu. Kazi hii isifanywe nusunusu. Kutu ya basi la Pwani huanzia mahali ambapo maji ya mvua na jasho la bati hukusanyika nyuma ya paneli, na anayeacha paneli moja kwa sababu inaonekana safi ameuacha ugonjwa nyumbani mwake.

Chumvi huondolewa kwa maji matamu mengi kabla ya brashi ya waya kugusa chochote, kwa sababu brashi na grainda (mashine ya kusaga chuma) huisukuma chumvi ndani ya vinyweleo vya chuma na kutu hurudi chini ya rangi mpya. Osha, acha likauke juani kwa siku nzima, kisha piga brashi na grainda hadi chuma king'are. Sehemu iliyotoboka ikatwe mpaka ufikie chuma kizima, na kiraka kichomelewe kuzunguka pande zote. Kiraka cha riveti juu ya bati lililooza hakidumu. Kabla ya kuchomelea, vua nyaya za betri na uondoe sponji na plastiki zilizo karibu, na mtu mmoja asimame na mtungi wa kuzimia moto.

Mashimo madogo ya kutu yasiyofikika kwa grainda hupakwa dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki. Baada yake huja rangi ya kwanza yenye zinki, kisha epoksi, kisha rangi ya juu. Rangi ipakwe kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, chuma kikiwa kikavu na chenye joto, kwa sababu jioni umande wa bahari hutua juu ya bati ukiwa na chumvi yake. Kwa upande wa chini sipendi lami iliyozoeleka gereji: ikipata ufa hushika maji nyuma yake na kuficha uozo. Nta ya kukinga chesisi, inayobaki laini na inayoweza kuongezwa kila mwaka, inafaa zaidi. Matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na mbavu yasizibwe kamwe.

Skrubu za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Lile la 304 huota madoa ya kahawia likikaa karibu na bahari. Alumini isigusane moja kwa moja na chuma, maana metali mbili tofauti zikikutana katika unyevu wa chumvi, moja huliwa na nyingine. Weka kipande cha mpira au tabaka la rangi katikati.

Paa, kivuli na upepo

Paa lipakwe rangi nyeupe. Hakuna hatua nyingine ya bei nafuu inayopunguza joto kiasi hicho. Paneli za sola zinyanyuliwe kama sentimita 10 juu ya paa kwa fremu, ili hewa ipite chini yake. Hapo huwa paa la pili, na zenyewe hufanya kazi vizuri zaidi zikipoa.

Ndani ya kuta na dari weka povu gumu lenye matundu yaliyofungika, ambalo halinywi maji. Pamba ya kioo hunywa unyevu wa Pwani na kuushikilia kwenye bati. Mbavu za chuma zifunikwe kwa ukanda mwembamba wa povu kabla ya paneli, vinginevyo joto hupita katika kila ubavu hata kama nafasi zilizo kati yake zimejazwa.

Madirisha mengi ya basi ni neema hapa, ingawa miongozo iliyoandikwa kwa nchi za baridi hushauri yafungwe kwa bati. Acha angalau mawili yanayofunguka kila upande, yaelekeane, na yote yawe na wavu wa mbu uliofungwa kwa fremu inayotoka, kwa sababu malaria bado ipo na mtoto mmoja akiacha upenyo, usiku wote umeharibika. Feni ya paa inayovuta hewa ya moto nje iwe juu ya sehemu ya kulala. Unapoegesha, elekeza pua ya basi mashariki au magharibi: jua la asubuhi na la jioni hugonga ncha fupi badala ya kuta ndefu, na upepo wa kusi na wa kaskazi huingia kwa madirisha ya ubavuni.

Kuigawa nafasi ya ndani

Chora vyumba kwa chaki sakafuni, kisha familia nzima iingie na kuishi humo alasiri moja: mama au baba ajifanye anapika, watoto walale, mtu apite kwenda mlangoni. Upana wa ndani wa Coaster ni mdogo kiasi kwamba mtu mrefu akilazwa kuukingama hawezi kunyoosha miguu, kwa hiyo kitanda cha wakubwa kilazwe kwa urefu wa basi. Vitanda vya watoto vya juu na chini vinaweza kuwa na upana wa sentimita 60, na nafasi ya sentimita 55 au zaidi kati ya godoro na kitanda cha juu, na kizuizi kinachomzuia mtoto asianguke. Ubavuni jengeni baraza, yaani benchi pana lenye sanduku chini yake, ambalo mchana ni mahali pa kukaa na usiku, likivutwa, ni kitanda cha mgeni. Pazia zito kati ya sehemu ya wakubwa na ya watoto linatosha kuleta sitara.

Kila msafiri awe na kiti chenye mkanda kilichofungwa kwa boliti hadi kwenye chuma cha sakafu. Baraza la mbao si kiti cha safari. Mlango wa dharura, au dirisha kubwa la nyuma linaloweza kufunguliwa na aliye ndani, ubaki wazi bila kabati mbele yake.

Kwa familia zinazoswali, acha katikati nafasi wazi ya mita 1.2 kwa mita 1.2. Makka na Malindi ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo kibla cha hapa ni kaskazini karibu kabisa, na basi lililoegeshwa pua mashariki humfanya mwenye kuswali aelekee ubavuni, si kwenye ujia. Bomba la nje lenye urefu wa kiuno litafaa kwa udhu, kuoshea miguu yenye mchanga, na kusafishia samaki.

Samani zijengwe kwa plaiwudi ya majini, na kingo zake zipakwe vanishi mara tatu kwa kuwa maji huingilia hapo. Ukiweza kumpata seremala aliyewahi kufanya kazi ya majahazi, kwa mfano aliyefunzwa Matondoni kule Lamu, mpe kazi hiyo. Amezoea kuta zilizopinda, na anajua kwamba chombo kinachotikisika hulegeza misumari, kwa hiyo ataunganisha mbao kwa viungo. Kabati zote zifungwe kwenye mbavu za chuma, wala si kwenye paneli tu, na kila mlango uwe na komeo.

Maji

Tangi liwe la plastiki ya chakula, liwe na tundu la kuingiza mkono kwa ajili ya usafi, na lifungwe kwa mikanda ya chuma. Maji ya visima vya Malindi ni ya chumvichumvi katika maeneo mengi. Yanafaa kuogea, lakini huacha magadi kwenye pampu. Yale ya bomba yanayotoka Baricho, kando ya mto Sabaki, ni bora kwa tangi. Kabla ya matumizi ya kwanza, na kila baada ya gari kukaa bila kazi, jaza tangi, tia mililita 100 za dawa ya klorini isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 5 kwa kila lita 100, fungua mabomba yote mpaka harufu isikike, acha saa nne, kisha mwaga na usuuze. Maji machafu yaingie katika tangi la pili. Yasimwagwe ufukweni, hasa karibu na hifadhi ya bahari ya Malindi iliyowekwa mwaka 1968, ambako matumbawe hayavumilii sabuni.

Umeme

Betri za kuwashia injini ziachwe kwa kazi hiyo tu, nyumba iwe na betri yake. Fanya hesabu kabla ya kununua. Jokofu dogo la kompresa katika joto letu hutumia kama wati-saa 600 (wati mara saa za matumizi) kwa siku, taa sita za wati 5 kwa saa nne ni 120, feni mbili za wati 20 kwa saa nane ni 320, simu 60, pampu 30. Jumla ni 1,130. Tukichukua saa tano za jua kali na kuondoa asilimia 30 inayopotea njiani, tunahitaji paneli za wati 323 hivi, kwa hiyo wati 400 zitatosha hata kukiwa na mawingu kiasi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, paneli zilazwe tambarare. Muhimu zaidi ni kuzifuta ukungu wa chumvi kila wiki.

Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 200 huhifadhi wati-saa 2,560, na asilimia 80 yake inatumika bila madhara, yaani karibu siku mbili. Betri ya asidi ya ukubwa huohuo hufaa kutumiwa nusu tu. Kidhibiti cha chaji, kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, kiwe cha ampea 40. Mabasi mengi ya aina hii yana volti 24 kwenye injini, kwa hiyo kuchaji betri ya nyumba kutoka kwa altaneta (jenereta ya injini) kunahitaji kifaa cha kubadili volti. Nyaya zisiunganishwe moja kwa moja. Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na betri, na nyaya ziwe za shaba laini yenye nyuzi nyingi, iliyopakwa tabaka la bati (tin), kwa kuwa shaba tupu hugeuka kijani hapa ndani ya muda mfupi.

Gesi na moto

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni na kungoja cheche. Mtungi wa kilo 6 ukae katika kisanduku kilichofungwa kabisa kwa ndani, kinachofunguliwa kwa nje, na chenye tundu chini la kuachia gesi nje ya gari. Viungo vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Jiko la makaa lisiingizwe ndani hata mvua ya masika ikinyesha, kwa sababu moshi wake usioonekana huua watu waliolala. Kwa hali ya hewa yetu, meza ya kupikia inayovutwa nje kupitia mlango wa nyuma hutumika zaidi ya jiko la ndani, na huacha joto na harufu ya samaki huko nje. Mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu na mlango, na mwingine karibu na kitanda.

Safari za kujaribu

Usiku wa kwanza ulale uani kwako, kila kitu kikitumika. Kisha nenda Gede au Watamu, ukirudi kaza boliti zote upya. Soma tarakimu nne ubavuni mwa kila tairi, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: jua hupasua mpira wa tairi la zamani hata kama meno yake bado ni marefu. Baada ya hapo ndipo Marafa, na Tsavo kwa njia ya Sala. Kwa safari ya Lamu kupitia Garsen na Witu, ulizia kwanza hali ya usalama wa barabara siku hiyohiyo, safiri mchana, na upange mahali palindwapo pa kuliacha basi Mokowe, kwa kuwa mji wa kale wa Lamu hufikiwa kwa mashua na vichochoro vyake havipitishi gari.

Kila urudipo kutoka ufukweni, mwaga maji matamu chini ya gari lote, ndani ya matao ya magurudumu na juu ya springi, kabla ya kulala. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika kuanza, lala tena chini yake na ile nyundo ndogo, fuata sehemu zilezile ulizogonga siku ya kununua, paka nta mpya, na kila alama ya kutu uishughulikie wiki hiyohiyo.